Televisheni au Projekta? Shauri juu ya Jioni ya Nyumbani

Mwezi huu nataka tulifikiri pamoja shauri moja ambalo kwa kulitazama laonekana kuwa dogo, shauri la dukani tu. Walakini ndani yake mna swali kubwa, nalo lahusu kila nyumba yenye watu. Siku hizi mtu akiisha kuweka akiba yake, watu wa nyumbani mwake humwuliza: Je, tununue televisheni, au tununue projekta, yaani kile chombo kidogo kinachotupa picha ukutani? Wauzaji hujibu upesi. Mmoja asema, "Chukua projekta, upate picha kubwa kama ya sinema." Mwingine asema, "Chukua televisheni, upate picha safi mchana na usiku." Wote wawili wasema kweli, wala hapana haja ya kubishana nao. Lakini liko swali linalotangulia maneno yao, nalo ni hili: Jioni ya nyumba ni kwa ajili ya nini, na katika vyombo hivi viwili ni kipi kitakachowaachia watu wa nyumba uwezo wa kuitawala jioni yao?

Yamkini mtu atasema, "Hili ni jambo la fedha na la macho, lahusu nini mambo ya wema na ubaya?" Namjibu hivi. Kitu ambacho watu hukigeuzia viti vyao, na kunyamaza kinaposema, na kuwanyamazisha watoto kwa ajili yake, hicho si samani tu. Mwenye kukileta nyumbani ameleta pamoja nacho desturi mpya, na desturi ndizo zifanyazo tabia za watu. Kwa hiyo yafaa tulifikiri jambo hili kabla ya kununua, maana baada ya kununua kila mtu hukitetea kile alichokwisha kukilipia.

Kwanza na tuvijue vyombo vyenyewe jinsi vilivyo. Televisheni hutoa nuru yake yenyewe. Kioo chake chang'aa kuelekea macho ya mtazamaji, hata mchana, hata madirisha yakiwa wazi. Ukibonyeza kitufe, mara picha yatokea. Projekta sivyo. Hiyo hutupa nuru mbele yake, na ukuta au kitambaa cheupe huirudisha nuru ile machoni petu. Tena projekta haiwezi kutupa weusi, maana weusi si nuru. Mahali penye usiku katika picha, au penye nywele nyeusi za mtu, ni mahali ambapo projekta haikutupa kitu. Na kama chumba kina mwanga, mahali pale pataonekana kijivu, na picha yote itafifia. Basi giza la picha sharti litolewe na nyumba yenyewe. Watu hawana budi kungoja jua lichwe, au kuteremsha mapazia mazito.

Pili, ziko habari za ukubwa na nafasi. Picha hupimwa kwa inchi, kutoka pembe hata pembe. Televisheni ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Picha ya projekta ya inchi 100 ina upana upatao sentimita 221. Wala mtu asidhani ya kuwa inchi 100 ni mara mbili tu ya inchi 50. Kwa eneo lake ni mara 4. Ila projekta nyingi za kawaida zataka kuwekwa mbali na ukuta kama mita 3 zipate kutoa picha ya ukubwa huo, na katika nyumba zetu nyingi mita 3 ni chumba kizima. Tena feni yake huvuma, na sauti yake mara nyingi ni hafifu, hata mwenye nayo akalazimika kununua spika. Taa za projekta za namna ya zamani hudumu saa 2,000 hata 5,000 hivi. Zile za kisasa zenye LED au leza hutajwa kuwa zadumu saa 20,000 na zaidi. Mwenye kutazama saa 4 kila siku, taa ya saa 3,000 itamwishia baada ya siku 750, yaani miaka 2 na kidogo; taa ya saa 20,000 itamfikisha karibu na mwaka wa 14.

Hapa nina neno la onyo. Nguvu ya nuru ya projekta hupimwa kwa kipimo kiitwacho lumeni, na hesabu ya kuaminiwa ni ile iliyopimwa kwa utaratibu wa ANSI au wa ISO. Masokoni ziko projekta ndogo za bei rahisi ambazo juu ya sanduku pameandikwa maelfu ya lumeni, nazo zikipimwa kwa utaratibu huo, nyingine hazifikii hata sehemu ya kumi ya hesabu iliyoandikwa. Auzaye hivyo hana tofauti na apimaye mchele kwa kibaba kilichopunguzwa kwa siri. Wazee wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Asiyepata kuiona projekta ikiwashwa katika chumba chenye mwanga kama wa nyumbani kwake, heri angoje kwanza.

Hivyo ndivyo vyombo vyenyewe. Sasa na tutazame nyuma kidogo, maana shauri hili si jipya kama tudhanivyo. Tangu zamani picha zenye nuru zimekuwa na njia mbili: njia ya ukuta, ambapo wengi huona kitu kimoja kwa pamoja, na njia ya sanduku, ambapo mtu husogea mbele ya kitu kidogo.

Taa ya kutupa picha ilijulikana Ulaya tangu karne ya 17. Christiaan Huygens, mtaalamu wa Uholanzi, alikuwa nayo mwaka 1659. Nayo ilifika bara letu zamani. Mwaka 1854 David Livingstone aliionyesha taa ya namna hiyo mbele ya Shinte, mtawala wa Walunda, na watu wake. Picha mojawapo ilikuwa ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya mwanawe. Livingstone alipoisogeza picha ili kuiondoa, akina mama waliona kana kwamba kisu chawajia wao, wakakimbia wote kwa makelele. Twaweza kucheka, lakini tusicheke upesi. Watu wale waliona kitu kimoja kwa saa moja, wakashikwa na hofu moja. Wala hapakuwa na mtu aliyeogopa peke yake.

Miaka 40 baadaye ikaja njia ya sanduku. Mwaka 1894 kule New York ilifunguliwa nyumba ya kutazamia picha zinazotembea katika masanduku ya Thomas Edison. Kila sanduku lilikuwa na tundu moja, na kila tundu lilikuwa la mtu mmoja. Mtu alilipa senti 25 apate kuchungulia safu ya masanduku 5. Waliomfuata walisimama wakingoja, wala hawakujua alichokuwa akikicheka. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walizitupa picha zao juu ya kitambaa katika mji wa Paris, mbele ya watu waliolipa na kuketi pamoja. Picha za Edison zilitembea, na picha za Lumière zilitembea; tofauti ilikuwa katika kuketi kwa watazamaji. Penye tundu mtu alicheka akiinama peke yake. Penye kitambaa mtu aliweza kumgeukia jirani yake.

Katika nchi yetu pia njia ya ukuta ndiyo iliyotangulia. Tangu mwaka 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kazi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki na nchi za jirani. Zilitengenezwa sinema 35. Nyingine zilifundisha habari za kuweka akiba posta, nyingine habari za ugonjwa wa safura, nyingine habari za kilimo. Kisha gari lilichukua mitambo, likapita katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha picha hizo jioni mbele ya makutano. Lakini tusisifu kupita kiasi. Watu walikusanyika, naam, ila hawakuulizwa wataka kuona nini. Wengine waliwachagulia. Basi kukusanyika peke yake si wema wote; yafaa kuuliza pia ni nani achaguaye picha. Neno hili nitalirudia.

Televisheni ilikuja baadaye. John Logie Baird aliionyesha London mwaka 1926, na mwaka 1936 BBC ilianza kupeleka matangazo ya televisheni kwa utaratibu wa kudumu kutoka London. Kenya ilianza mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena yenye rangi, katika miaka ya 1970. Lakini Tanzania Bara ilikaa muda mrefu bila kituo chake hata kimoja. Serikali ya wakati wa Mwalimu Nyerere iliihesabu televisheni kuwa anasa isiyofaa nchi yenye mahitaji mengine makubwa, na vituo vya kwanza vya Bara vilianza mwaka 1994. Wako wanaosema shauri lile lilikuwa la hekima, na wako wanaosema lilitunyima maarifa. Sitaki kuamua kati yao. Nataka mwone neno moja tu: kwa miaka ile serikali ndiyo iliyotuamulia. Leo hapana anayetuamulia. Mzigo ule wa kuamua, uliokuwa juu ya mabega ya serikali, sasa uko juu ya kila baba na kila mama. Na wengi wetu twaupokea mzigo huo dukani, mbele ya mwuzaji, kwa muda wa robo saa.

Sasa tuingie katika kiini cha shauri letu. Nimesema ya kuwa projekta ina usumbufu. Yataka giza, yataka kutengenezwa, yataka watu wakubaliane saa. Mtu hutazama usumbufu huo kama kasoro, na dukani ni kasoro kweli. Lakini katika maisha ya watu usumbufu kidogo una kazi yake. Kila mara unapolazimika kushusha pazia na kuweka chombo mahali pake, unaulizwa tena, "Je, wataka kweli?" Nawe waweza kujibu ndiyo, au waweza kujibu, "Leo hapana, leo tuzungumze." Televisheni haikuulizi. Iko pale tangu asubuhi, imeelekezewa viti vyote, na kuiwasha ni rahisi kuliko kutafuta neno la kumwambia mwenzako. Mtu arudiye kazini akiwa amechoka hachagui kuiwasha; mkono wake waiwasha naye akiwaza mambo mengine. Tena mwisho wake hauonekani, maana kipindi kimoja chafuatwa na kingine, wala hapana mtu anayesema, "Imekwisha."

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Televisheni ni mgeni aliyepewa kiti cha mbele siku ya kwanza, na miaka 10 imepita wala hapana aliyemwonyesha jembe. Projekta ikiisha kuzimwa, ukuta unakuwa ukuta tena. Watu waliokuwa wameelekea upande mmoja hugeuka wakatazamana. Kwa sababu hii, nikiulizwa ni kipi kiachacho nafasi zaidi kwa watu, nasema ni projekta.

Lakini sitakuwa mwaminifu nikikomea hapo. Ziko hoja tatu za upande wa pili, nazo zina nguvu.

Hoja ya kwanza ni hii: usumbufu huo ni juu ya nani? Tuseme katika nyumba yumo bibi mzee asiyeweza kutoka kitandani. Watoto wako shule, wazazi wako kazini. Kwake yeye mchana ni mrefu kuliko usiku. Taarifa ya habari, mahubiri, nyimbo, sauti ya watu wakizungumza Kiswahili, hayo yote humjia kwa kitufe kimoja. Ukimwambia, "Bibi, ngoja giza, tumekubaliana kutazama usiku tu," umefanya wema wako kuwa mzigo wake. Au tuseme mama wa nyumba hufanya kazi ya zamu usiku katika hospitali, naye hupumzika mchana. Saa ya projekta ni saa ambayo yeye hayupo. Hapo chombo kilichonunuliwa ili kuikusanya nyumba kitamtenga mtu mmoja kila siku, naye ni yule anayeihangaikia nyumba kuliko wote. Kujinyima kunakomwumiza aliyekubali ni jambo jema. Kunakomwumiza asiyeulizwa ni dhuluma, ijapokuwa kwaitwa kiasi.

Hoja ya pili yasema hivi: wema na ubaya ni wa moyo, si wa chombo. Mwenye kiasi atakuwa na kiasi hata akiwa na televisheni tatu, na asiye na kiasi atatazama projekta hata alfajiri. Hili ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Sisi sote twajua ya kuwa moyo huchoka. Mtu mwenye nia njema huweka mlango katika nyumba yake wala hategemei uaminifu wa wapitao peke yake. Hali kadhalika mwenye kutaka kuamka mapema huiweka saa mbali na kitanda chake. Kumsaidia mwenye nia njema kwa kuvipanga vitu vyake vizuri si kuudharau moyo. Hata hivyo hoja hii yatufundisha neno la maana. Projekta iliyofungwa darini daima, katika chumba chenye mapazia mazito yasiyofunguliwa, imekwisha kuwa televisheni, tena kubwa zaidi. Na televisheni iliyofunikwa kitambaa, ikafunuliwa kwa saa zilizokubaliwa, imekaribia kuwa na wema wa projekta. Basi wema niliousifu haumo katika bomba la nuru wala katika kioo. Umo katika mpango wa nyumba. Chombo kimoja huusaidia mpango huo, chombo kingine huupinga. Lakini hapana chombo kinachoweza kuwa mpango wenyewe.

Hoja ya tatu ni ya majirani. Picha ya upana wa mita 2 na zaidi huonekana dirishani, na watoto wa jirani wataiona. Utafanya nini? Wajua jinsi watu wanavyolipa kuingia katika vibanda umiza kutazama mpira, wamebanana katika joto. Mwenye projekta ana uwezo ambao mwenye televisheni ndogo hana: aweza kutundika shuka nje jioni moja ya mchezo mkubwa, akawakaribisha watu wa mtaa. Lakini aweza pia kukitumia chombo kile kile kujitukuza, akaongeza sauti ili wote wajue alicho nacho. Ukubwa wa picha hauamui kati ya ukarimu na majivuno. Huongeza lile lililokuwamo. Kwa hiyo anunuaye projekta na ajiulize mapema kama yuko tayari kupokea wageni, na kuvumilia kelele zao, na pia kuizima saa ambayo jirani mwenye mtoto mchanga ataka kulala.

Nilisema nitalirudia neno la nani achaguaye. Katika nyumba yenye chombo kimoja, mtu mmoja hushika kidude cha kuamuru, na mara nyingi ni baba, au ni kijana mwenye nguvu. Kwa kweli hapo ndipo ugomvi mwingi wa jioni huanzia. Wengine wameona dawa yake kuwa kila mtu awe na chake: televisheni ya sebuleni, nyingine ya chumbani, na simu mkononi mwa kila mtoto. Ugomvi umekwisha kweli, lakini umekwisha kwa kuwa hapana tena jambo la pamoja la kugombania. Angalieni, lile tundu la Edison la mwaka 1894 limerudi. Limo mfukoni mwetu. Mtoto acheka peke yake, na mama yake hajui anachokicheka. Mimi nasema afadhali ugomvi mdogo wa kuchagua picha moja, ukaamuliwa kwa zamu na kwa subira, kuliko amani ya watu wanne wasiohitajiana. Anayemngoja ndugu yake amalize zamu yake ajifunza jambo ambalo hatajifunza mahali pengine kwa urahisi.

Juu ya watoto wadogo sina haja ya kusema mengi, maana wenye ujuzi wamekwisha kusema. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri kwamba mtoto asiyefika miaka 2 asiwekwe mbele ya picha hizi kabisa, na mtoto wa miaka 2 hata 4 asizidishe saa 1 kwa siku, tena ikipungua ndiyo bora. Mashauri hayo hayatofautishi ukuta na kioo. Kwa hiyo mzazi asijidanganye akisema, "Hii ni projekta, haina neno." Kwa mtoto mchanga uso wa mama yake watosha.

Na fedha je? Naam, fedha pia ina haki yake. Televisheni ya kawaida ya inchi 43 hutumia umeme wa wati 60 hata 100 hivi. Projekta ya taa ya zamani yaweza kutumia wati 200 hata 300. Ndogo za LED hutumia pungufu. Tena gharama haiishi dukani. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tumezoea king'amuzi na malipo yake ya kila mwezi, au bando la intaneti; na vyombo vyote viwili vyahitaji kulishwa namna hiyo. Basi mwenye nyumba asihesabu bei ya chombo tu. Ahesabu mwaka mzima, kisha aweke hesabu ile kando ya ada za shule, na bima ya afya, na yule ndugu kijijini anayengoja msaada. Ikiwa hesabu zagongana, jibu la swali letu si televisheni wala projekta. Jibu ni "bado". Wala "bado" si aibu kwa nyumba yoyote.

Kwa kufupisha, haya ndiyo mashauri yangu kwa wenye nyumba.

Kabla ya kwenda dukani, baba na mama na waketi pamoja na watoto wakubwa, na wazee wakiwamo, wakaulizane: Nani yuko nyumbani saa gani? Nani atapata faida, na nani atabeba taabu? Ikiwa yuko mgonjwa, au mzee, au mtu ambaye mchana ndiyo saa yake ya kupumzika, chukueni televisheni bila kusitasita, kisha mwipangie saa, na kuifunika ikiwa hapana mwenye kuitumia. Ikiwa nyumba ni ya wazazi na watoto wanaoonana jioni tu, na chumba chatosha, na fedha ipo, basi projekta itawafaa zaidi. Wala msiifunge darini, bali iwe na mahali pake kabatini, itolewe na kurudishwa. Viti vya nyumba na viwekwe vikitazamana; wakati wa picha vigeuzwe, na baada ya picha virudishwe. Jambo hili la viti laonekana kuwa la kitoto, lakini watu huzungumza na kile walichokielekea. Tena kuchagua kuwe kwa zamu, hata mtoto mdogo awe na siku yake, na wakubwa waketi watazame naye pasipo kunung'unika.

Baada ya miezi mitatu jaribuni jambo moja. Jioni moja msiwashe chochote, tena msiseme mapema. Tazameni itakuwaje. Kama mazungumzo yanaanza, ijapokuwa kwa shida, chombo chenu kingali mtumishi wenu. Kama kila mtu amesimama akaenda upande wake, au hasira imewaka ndani ya robo saa, basi mjue ya kuwa shauri la ununuzi halijaisha nyumbani mwenu, ingawa fedha imekwisha kulipwa. Na shauri hilo halihitaji duka. Lahitaji watu wa nyumba kuketi tena na kusema kwa upole, "Jioni zetu ni ngapi, na twataka kuzitumiaje?"

Jioni hazirudi. Mtoto wa miaka 8 leo ana jioni chache tu nyumbani kabla ya kwenda shule ya bweni, na mzee wa miaka 80 naye ana zake. Tukizihesabu hivyo, twaona ya kuwa inchi na lumeni ni hesabu ndogo. Salamu kwenu nyote, na amani iwe katika nyumba zenu.